Mali bila daftari: shahidi wa utumwa wa Washington ni Washington mwenyewe

Januari 2026, wafanyakazi wa idara inayosimamia hifadhi za taifa za Marekani walifika katikati ya jiji la Philadelphia, wakabandua mabango yaliyokuwa yakieleza habari za watu tisa waliotumikishwa kama watumwa katika nyumba aliyokaa George Washington enzi za urais wake. Nyumba yenyewe ilibomolewa zamani. Kilichopo ni kiwanja cha kumbukumbu kilichofunguliwa mwaka 2010, hatua chache tu kutoka ilipo Kengele ya Uhuru. Jiji likakimbilia mahakamani, na mwezi uliofuata jaji wa shirikisho akaamuru mabango yarudishwe. Chimbuko la yote ni amri ya Rais Donald Trump ya Machi 2025, iliyotaka maeneo ya kumbukumbu ya serikali yasiwe na maelezo yanayowadhalilisha isivyostahili Wamarekani, walio hai na waliotangulia. Na kwa kuwa mwaka huu taifa hilo linatimiza miaka 250, kila ukuta wenye maandishi umekuwa kitu cha kugombewa.

Katika ugomvi huo, pande zote mbili zimekubaliana kimyakimya juu ya jambo moja ambalo si kweli. Wanaotaka mabango yaondoke wanasema hayo ni maneno ya wanahistoria na wanaharakati wa leo wenye kinyongo na waasisi. Wanaotaka yabaki nao hujibu kana kwamba wanatetea haki ya wanahistoria hao kutoa tafsiri yao. Msikilizaji wa mbali, awe Dodoma au Mombasa, anabaki na picha ya watu wanaogombania maoni. Mimi naona cha kugombania hapa ni kidogo mno. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu watu wale tisa imetoka katika makaratasi ya nyumba ya Washington: leja zake, barua zake, orodha zake, wosia wake. Aliyeandika mashtaka, kama ni mashtaka, ni mwenye nyumba. Makaratasi hayo yana uzito wa ushahidi kwa sababu aliyeyaandika hakuwa na habari kwamba anatoa ushahidi. Alikuwa analinda mali. Na kwa sababu hiyohiyo hayawezi kusomwa kwa kuaminiwa tu, maana mlinda mali huandika kinachomhusu na kuacha kisichomhusu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ni familia chache zilizoiishi methali hiyo kama hii. Washington alirithi watumwa 10 akiwa na miaka 11, baba yake alipofariki mwaka 1743. Januari 1759 alimwoa Martha Custis, mjane tajiri ambaye mume wake wa kwanza, Daniel Parke Custis, alikufa mwaka 1757 bila kuacha wosia. Hapo ndipo hesabu zilipoanza kuwa nzito. Kwa sheria ya Virginia, mjane katika hali ile alipewa theluthi ya mali ya marehemu aitumie maisha yake yote, wakiwamo watumwa 84, lakini haikuwa mali yake ya kuuza wala kugawa. Akifa, ilikwenda kwa warithi wa Custis. Kwa hiyo katika mashamba ya Mount Vernon, kando ya mto Potomac, kulikuwa na watu waliolima konde moja, wakaoana na kuzaa pamoja, huku kwenye daftari wakiwa mali ya watu tofauti. Sheria nyingine ya Virginia, ya mwaka 1662, ilisema mtoto hufuata hadhi ya mama. Mwanamume wa Washington akioa mwanamke wa fungu la Custis, watoto wote ni wa Custis. Ukilielewa hilo, umeelewa kwa nini bwana huyu aliandika sana. Alikuwa ameshika mali ambayo nusu yake si yake, na siku moja yeye au warithi wake wangedaiwa hesabu.

Februari 1786 aliandika ndani ya shajara yake orodha ya watumwa wote waliokuwa Mount Vernon, wakafika 216. Juni 1799, miezi sita kabla ya kufa, akaandika nyingine. Safari hii walikuwa 317: 123 wake mwenyewe, 153 wa fungu la mjane, yaani lile la Custis, na 41 aliowakodi kwa jirani. Orodha inakwenda shamba kwa shamba, na mashamba yalikuwa matano. Mbele ya jina la mtu utakuta kazi yake, mwenza wake, na shamba anakoishi huyo mwenza. Wazee wameandikwa kuwa umri wa kazi umewapita. Watafiti wa Mount Vernon waliozichambua ndoa hizo walikuta kwamba kati ya watu 96 waliokuwa na wenza, 36 tu ndio waliokaa nyumba moja na wenza wao na watoto. Waliobaki walikuwa na wenza katika shamba jingine la Washington au kwa mabwana wengine kabisa, na waliokuwa mbali walionana Jumapili, siku pekee isiyo ya kazi. Orodha haikuandikwa ili tumwonee mtu huruma. Washington alikuwa anajiandaa kuandika wosia, akataka kujua nani anaweza kumwacha huru na nani hawezi. Lakini katika kuupima mpaka wa mali yake, alitushikisha mkononi ramani ya familia ambazo mpaka huo ulizipasua katikati.

Sasa tuje Philadelphia, maana huko ndiko daftari linakozungumza waziwazi. Jimbo la Pennsylvania lilipitisha mwaka 1780 sheria ya kuukomesha utumwa hatua kwa hatua. Mtumwa aliyeletwa na bwana wake kutoka jimbo jingine akakaa miezi sita mfululizo aliweza kudai uhuru wake, na mwaka 1788 sheria ikakazwa ili mabwana wasicheze mchezo wa kuwatoa na kuwarudisha. Serikali ya Marekani ilihamia Philadelphia mwaka 1790. Masika yaliyofuata, Mwanasheria Mkuu Edmund Randolph alipata pigo: watumwa wake mwenyewe walidai uhuru kwa sheria hiyo. Habari zikamfikia Washington akiwa safarini kusini. Tarehe 12 Aprili 1791, kutoka Richmond, alimwandikia katibu wake Tobias Lear. Alisema kwamba isipokuwa Hercules na Paris, watumwa waliopo Philadelphia wote ni wa fungu la mjane, hivyo inampasa azuie wasipate uhuru. La sivyo atakosa huduma yao na huenda akalazimika kuwalipia. Akaagiza warudishwe Virginia kabla ya miezi sita, na jambo hilo lifanywe kwa kisingizio kitakachowadanganya wao na umma pia. Akataka pia maneno hayo asiyajue mtu mwingine zaidi ya Lear na mke wake Martha.

Hiyo ndiyo barua ambayo, kwa maoni yangu, kila anayebishana kuhusu mabango angepaswa kuisoma kwanza. Humo hamna mwanaharakati. Kuna rais wa nchi anayempa karani wake maagizo ya kuikwepa sheria ya jimbo linalomhifadhi, na sababu anayoitoa ni ya mhasibu: nitadaiwa.

Miongoni mwa waliokuwa wakirudishwarudishwa hivyo alikuwa Ona Judge, binti wa fungu la Custis, mjakazi wa Martha. Mei 1796, akiwa na miaka kama 22, alipata habari kwamba atatolewa zawadi kwa Eliza, mjukuu wa Martha aliyekuwa ameolewa. Tarehe 21, familia ikiwa mezani kwa chakula, akatoka akaenda zake. Siku mbili tatu baadaye msimamizi wa nyumba, Frederick Kitt, alitoa tangazo gazetini: msichana chotara mwenye madoadoa mengi usoni, macho meusi sana, nywele nyeusi nzito, atakayemleta atapata dola 10. Tangazo likaongeza kwamba hapakuwa na dalili ya kutoroka wala chochote cha kumchokoza atoroke. Baharini akapanda chombo hadi Portsmouth, New Hampshire. Washington alimtumia Waziri wake wa Fedha, Oliver Wolcott, amsakame kupitia mkuu wa forodha wa bandari ile, Joseph Whipple. Whipple alimhoji mtoro, akaandika kwamba binti yuko tayari kurudi ikiwa ataahidiwa uhuru mabwana wake watakapofariki. Washington akakataa: kumpa masharti kama hayo ni kuutuza utovu wa uaminifu, na wenzake waliotulia watasemaje? Tazama namna mashine ya serikali changa, forodha na hazina, ilivyozungushwa kumtafuta mshona nguo mmoja. Na tazama pia kwamba tunalijua hilo kwa sababu wenyewe walilihifadhi faili.

Kuna hoja inayorudiwa kuliko zote, kwamba tunampima mtu wa karne ya 18 kwa vipimo vya leo. Kwa mambo mengine hoja hiyo ni ya haki. Si busara kumlaumu mtu wa 1790 kwa kutojua tiba ya malaria. Kwa jambo hili haina mashiko. Pennsylvania ilikuwa na sheria yake tangu 1780, na Wakristo wa madhehebu ya Quaker walikuwa wakipiga kelele kabla ya hapo. Virginia yenyewe, mwaka 1782, iliruhusu bwana amwache huru mtumwa wake bila kuomba kibali cha serikali. Mwaka uleule wa barua kwa Lear, tajiri mwingine wa Virginia, Robert Carter wa Nomini Hall, alisajili hati ya kuwaacha huru watu zaidi ya 450, kidogokidogo kwa miaka kadhaa. Hakuwa mgeni wala kichaa. Alikuwa wa tabaka lilelile. Na Washington mwenyewe, Aprili 1786, alimwandikia Robert Morris kwamba hakuna mtu aliye hai anayetamani kwa dhati kuliko yeye kuona mpango wa kuukomesha utumwa. (Morris huyo ndiye mwenye ile nyumba ya Philadelphia.) Kipimo, basi, kilikuwepo, na alikijua. Asingekijua, kwa nini aombe siri? Mtu hafichi jambo ambalo zama zake zimelihalalisha.

Dhaifu zaidi ni ile hoja ya bwana mwema. Inasema kwamba pamoja na yote, Mount Vernon watu walitendewa vizuri, walilishwa, walivishwa, waliuguzwa. Kwa kifupi, inarudia maneno ya tangazo la Kitt kuwa hapakuwa na cha kumchokoza mtu atoroke. Hoja hii inavunjwa na makaratasi yaleyale yanayodaiwa kuiunga mkono. Julai 1766 Washington aliandika barua kwa nahodha wa merikebu iliyokuwa ikienda visiwa vya Karibi, akamkabidhi mtumwa aitwaye Tom akamuuze huko, kwa kuwa ni mhuni na mtoro. Alimsifia kuwa ana afya na nguvu na anajua jembe, akashauri afungwe pingu mpaka merikebu ifike bahari kuu. Kisha akataja anachotaka kwa bei ya Tom: pipa moja la molasi, pipa la rumu nzuri, pipa la ndimu kama ni nzuri na rahisi, chungu cha ukwaju chenye uzito wa ratili kama 10, na vyungu viwili vidogo vya vitamutamu. Kinachobaki kiletwe kwa pombe. Nimesoma barua nyingi za biashara za zama zile na hazinishtui upesi, ila ule ukwaju umenikaa. Mtu mzima mwenye nguvu zake, aliyekuwa na watu wake Virginia, amegeuzwa orodha ya sokoni, na mwandishi anakumbuka kuongeza kwamba ndimu zisiwe za ghali.

Au chukua kisa cha Charlotte, mshona nguo. Januari 1793 msimamizi Anthony Whitting alimripotia rais kwamba amempiga Charlotte kwa fimbo kwa sababu ya jeuri, na kwamba mwanamke huyo alimjibu kuwa hajachapwa kwa miaka 14. Washington akajibu: ulivyomfanyia Charlotte ni sawasawa kabisa, na yeyote asiyetimiza wajibu kwa njia ya upole, au mwenye ufidhuli, hana budi kurudiwa. Barua hiyo inaweza kusomwa na mtetezi kwa furaha: miaka 14 bila fimbo! Lakini isome tena. Charlotte aliihesabu ile miaka. Alijua fimbo ya mwisho ilikuwa lini, akaitaja mbele ya mtu anayempiga kama haki aliyokuwa ameipata na sasa inavunjwa. Whitting aliandika maneno hayo ili kuonyesha ukaidi wake. Sisi tunapata humo, kwa bahati, sauti yake ya pekee.

Mgala muue na haki yake mpe. Wosia wa Julai 1799 si jambo dogo, na mabango au vitabu vinavyoupita haraka vinakosea. Washington aliagiza watumwa wake mwenyewe wawe huru Martha akifariki, wazee na wagonjwa walishwe na kuvishwa na mali yake, watoto wasio na wazazi wafundishwe kusoma na kazi ya mikono. Marais wenzake wa Virginia, Jefferson na Madison, hawakufanya kama hayo. Msaidizi wake wa miaka mingi, aliyenunuliwa mwaka 1768 kwa pauni 61 na shilingi 15 na kufuatana naye vita vizima vya uhuru, alipewa uhuru palepale pamoja na dola 30 kila mwaka. Wosia unamtaja kuwa ni William, na katika mabano, anayejiita William Lee. Bwana aliyemmiliki kwa miaka 31 anaandika ukoo wa mtu huyo kama kitu ambacho mwenyewe amejipachika, lakini anauandika. Sijui hati nyingine inayoonyesha kwa ufupi namna hiyo mtu anayebadilika na mahali anapokwamia.

Hata hivyo, wosia huo hauwezi kutumika kufuta yaliyotangulia, kwa sababu daftari halikufungwa. Tarehe 11 Agosti 1799, mwezi mmoja na siku mbili baada ya kusaini wosia, Washington alimwandikia mpwa wa mke wake, Burwell Bassett, kumwomba ajaribu tena kumrudisha Ona Judge. Kiangazi kilekile, mkono uleule. Ukimtazama kwa jicho la maadili peke yake utadhani ni mnafiki, na wengine wamemwita hivyo. Ukimtazama kwa jicho la leja utaona hakuna mgongano wowote: waliomo katika wosia ni wake, Ona ni wa Custis. Binti huyo aliokolewa na seneta John Langdon, aliyemtonya baada ya Bassett kuropoka mezani. Alikufa mwaka 1848, akiwa kisheria bado mtoro. Nao wale wa fungu la mjane waliobaki Mount Vernon walishuhudia wenzao wakiachwa huru tarehe 1 Januari 1801. Martha hakungoja afe. Abigail Adams, aliyemtembelea mwezi mmoja kabla, aliandika kwamba mjane huyo hakuona usalama wa maisha yake mikononi mwa watu walioambiwa kuwa uhuru wao unangoja kifo chake. Alipofariki mwaka 1802, watu wa Custis waligawanywa kwa wajukuu wanne. Waume walioachwa huru mwaka mmoja uliopita waliona wake na watoto wao wakienda njia nne.

Iko hoja moja upande wa pili ambayo ni nzito kuliko zote nilizozitaja, na inatoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema: acheni kabisa kuwatazama watumwa kupitia karatasi za mabwana. Kila mara unapofungua leja unamkuta mtu akiwa na bei, na wewe msomaji, utake usitake, umekaa kwenye kiti cha bwana na unasoma juu ya bega lake. Afadhali masimulizi ya familia, afadhali akiolojia, afadhali makaburi. Nakubaliana nao nusu. Taarifa za kila wiki za mashamba zinaonyesha Hercules, mpishi mashuhuri wa rais, akiwa ameshushwa kuchimba udongo wa matofali na kuponda mawe mapema mwaka 1797. Halafu zinasema katoroka, basi. Alitoka Februari 22, siku ambayo bwana wake alitimiza miaka 65. Alichofikiri hakimo. Wiki chache baadaye alifika mgeni, Louis-Philippe, aliyekuja kuwa mfalme wa Ufaransa, na mtumishi wake akamwuliza bintiye Hercules wa miaka sita kama hana huzuni kwamba hatamwona baba yake tena. Mtoto akajibu kwamba amefurahi sana, kwa sababu sasa baba yuko huru. Hakuna karani wa Mount Vernon ambaye angeandika sentensi ile. Pengo hilo lina upande wa pili wa ajabu: baada ya mumewe kufa, Martha alichoma karibu barua zote walizoandikiana katika ndoa ya miaka 40. Mapenzi yao yalionekana ni siri ya kulindwa. Orodha za watu hazikuonekana ni siri, zikawekwa vizuri.

Pale ninapoachana na hoja hiyo ni kuhusu kinachotokea masimulizi yakisimama peke yake mbele ya wenye nguvu. Mwaka 1873 Madison Hemings aliliambia gazeti moja la Ohio kwamba yeye ni mtoto wa Thomas Jefferson na mtumwa wake Sally Hemings. Kwa zaidi ya karne moja, wanahistoria wakubwa walimpuuza, wakaliamini neno la ukoo wa Jefferson. Kilichoanza kuugeuza upepo ni Kitabu cha Shamba cha Jefferson, alichoandika kwa mkono wake, chenye tarehe za kuzaliwa watoto wa Sally. Ziweke kando ya kumbukumbu za safari zake, utakuta alikuwa nyumbani Monticello miezi tisa hivi kabla ya kila mtoto. Kipimo cha vinasaba cha 1998 kilikuja kukazia tu, na mwaka 2000 taasisi inayoitunza Monticello ikakubali. Madison alisema kweli tangu mwanzo. Wajibu wa kumsadiki haukuhitaji kungoja leja. Lakini leja ndiyo iliyowanyima wakanushaji pa kujificha. Ndivyo ilivyo kwa Ona pia. Mahojiano yake mawili ya miaka ya 1840, ambamo anasema kuwa wenzake walipokuwa wakifunga mizigo kwenda Virginia yeye alikuwa akifunga ya kwendako asikokujua, yanashikana na tangazo la Kitt na barua za Whipple kama vipande vya chungu kimoja.

Sisi wa pwani tuna sababu ya kulifuatilia hili, maana nasi karatasi za aina hii zipo, zimezaliwa na sababu ileile. Zanzibar ilipofuta hadhi ya kisheria ya utumwa Aprili 1897, serikali iliahidi kuwalipa mabwana fidia, na mtumwa aliyetaka uhuru alitakiwa afike mahakamani kuudai. Kukitajwa fidia, lazima pawe na jina, thamani na mdai. Masuria waliachwa nje ya amri ile kwa kuhesabiwa kama wake, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1909, na kwa hiyo katika majalada hayo sauti yao ni hafifu zaidi. Anayedhani kwamba kuyafungua majalada kama hayo ni kufukua chuki angalau akumbuke nani aliyeyajaza.

Turudi kwenye mabango. Serikali ya Marekani ina taasisi yake ya nyaraka za taifa, na taasisi hiyo, pamoja na wachapishaji wa Chuo Kikuu cha Virginia, tangu 2013 inaendesha tovuti ya bure yenye barua za waasisi. Barua kwa Lear imo. Ya Tom imo. Kwa hiyo serikali hiyohiyo inayotaka ukuta wa Philadelphia uwe kimya inayachapisha maneno hayo mtandaoni, na hakuna aliyeagiza yatolewe. Kinachoondolewa ukutani, basi, si ushahidi. Kinachoondolewa ni ile nafasi ya mtu wa kawaida kukutana nao bila kuutafuta: mwanafunzi aliyeletwa kuona Kengele ya Uhuru, mtalii aliyesimama kumngoja mwenzake. Mtafiti hatapoteza kitu. Na hapo ndipo hesabu ya kisiasa ilipo, kwa sababu waliobandua wanajua vema kwamba anayekwenda kuisoma barua ya 1791 kwa hiari yake ni mtu ambaye tayari ameshajua.

Kosa la watetezi, nadhani, ni kukubali kuzungumza kwa sauti ya mtaalamu mahali ambapo mwenye nyumba yupo na anasema mwenyewe. Bango likiandikwa na kamati, ni rahisi kuliita maoni ya kamati. Ningepewa mimi ukuta ule, ningeweka barua ya Aprili 12, 1791, neno kwa neno, kwa herufi kubwa, na kando yake tangazo la Mei 1796, kisha mahojiano ya Ona, na majina tisa. Maelezo yangekuwa mistari miwili juu ya sheria ya miezi sita na fungu la mjane. Wakija tena na vifaa vyao watakuwa wanabandua barua ya rais wa kwanza wa Marekani, na mwanasheria wao atapaswa kumweleza jaji ni kwa vipi maneno ya Washington yanamdhalilisha Washington.